Je, Mbinguni Kuna Wivu?

Jumatatu, 10 Desemba 1268

Nimedhulumiwa! Mwalimu Renaud ametangaza nani atajibu maswali kwenye mjadala wa Majilio. Si mimi. Ni Lambert! Yule wa Liège, mwenye shingo ndefu na tabasamu la sanamu. Siku hiyo yeyote anaweza kuuliza lolote kuhusu Mungu, na nusu ya Paris huja kusikiliza. Anayejibu vizuri hupelekwa kwa Kansela, akapewa ruhusa ya kufundisha. Mmoja tu kwa mwaka. Nimekalia majani makavu ya darasa lile miaka sita, nangoja jina langu litajwe. Lambert ana miwili. Roho imeniuma hadi nikashindwa kula samaki wangu. Lambert akammaliza, akaniuliza kama naumwa. Hata upole anao! Wahenga husema hasidi hana sababu. Mimi ninazo.

Jumanne, 11 Desemba

Nimepata dawa yake. Swali! Nimelitunga mwenyewe. Mbinguni, mteule wa chini akimwona mwenzake aliye juu zaidi, hutamani kuwa pale au hatamani? Akitamani, mbinguni kuna wivu. Asipotamani, haipendi heri iliyo kubwa, na huyo ni mteule gani? Huku shimo, kule shimo. Nimelizunguka pande zote, halina mlango. Hata mimi silijui jibu lake, na ndio uzuri wake.

Siwezi kuliuliza mwenyewe. Watasema nina kijicho. Nimempa Gosbert, Mnormandi mwenye sauti ya ng'ombe na akili zake hizohizo. Nimemwapisha kwa Bikira Maria kwamba ataliuliza, lije jua ije mvua. Akaapa. Kisha akataka kujua kama mbinguni kuna jibini.

Jumatano, 12 Desemba

Swali peke yake halitoshi. Lambert anaweza kubahatisha. Kwa hiyo nimempa kitanda changu cha dirishani, pale ubao ulipovunjika na upepo wa mto Seine unaingia bila hodi. Nikamwambia pana mwanga wa kusomea. Akanikumbatia, akaniita ndugu. Mama Perronelle, mwenye nyumba, alikuwa anapita na mchuzi wake.

"Aubri kugawa kitanda?" akasema. "Basi leo Seine itapanda mlima."

Nimejilaza kwenye kitanda cha Lambert. Kina joto. Kwa nini muda wote huu alikuwa na kitanda bora kuliko changu?

Alhamisi, 13 Desemba

Imefaulu! Lambert amekaukwa na sauti, ananong'ona tu. Mama Perronelle amempa divai ya moto yenye asali. Na mimi nikakohoa mbele yake. Akaniambia nikakohoe nje.

Halafu Mwalimu Renaud akapanda ngazi zetu mwenyewe! Kumwona Lambert, bila shaka. Mimi hajawahi kunitembelea. Akamkagua koo, akatikisa kichwa, akanigeukia, akasema kesho nitajibu mimi. MIMI! Lambert akanishika mkono, machozi ya furaha yanamtoka. Simwelewi mtu huyu. Mchana kutwa nimefanya mazoezi ya kupanda kwenye kiti kwa heshima.

Ijumaa, 14 Desemba

Ole wangu! Maswali ya kwanza, ya malaika, niliyajibu vizuri. Watu wakaitikia kwa vichwa. Ndipo akasimama Gosbert. Nilikuwa nimemsahau! Nikamkonyeza. Akanikonyeza. Nikamtikisia kichwa kwa nguvu.

"Samahani, Aubri," akanguruma, "nimeapa kwa Bikira!"

Akalimwaga lote bila kukosea neno. Huyu huyu ambaye Baba Yetu humshinda katikati!

Wote wakanigeukia. Mbele kabisa ameketi Lambert, shingo imefungwa skafu ya Mama Perronelle, ananitazama kwa upendo. Nikajaribu kumfikiria mtu anayemwona mwenzake juu yake na asiumie. Nilijaribu kweli. Sikumpata. Nikasema basi, mbinguni kuna wivu, na haiwezekani usiwepo.

Watawa wakapiga ishara ya msalaba. Mmoja akapiga kelele kwamba ni uzushi. Mwingine akapayuka, "Huyo kachanganya mbingu na chumba chao!"

Jumamosi, 15 Desemba

Mwalimu ametoa uamuzi wake, kama desturi. Mbinguni ni kwaya, akasema. Mwenye sauti nene hamwonei gere mwenye sauti nyembamba, maana wimbo ni mmoja na kila mtu anausikia mzima. Watu walilia. Hata mimi nilianza, hadi aliposema jibu hilo kanong'onezwa na Lambert.

Lambert ndiye atakayepelekwa kwa Kansela. Mimi nimeyakana maneno yangu mbele ya wote. Adhabu yangu: hadi Krismasi nipige magoti kila siku, nimwombee Lambert heri ileile ninayojitakia mwenyewe.

Jumapili, 16 Desemba

Nimetii. Nimemwombea Lambert uaskofu, maana ndio ninaojitakia. Nimeomba kwa moyo wote. Nilipofika mlangoni nikasita. Na Mungu akijibu? Lambert na kofia ile! Na pete! Na aliyempatia ni mimi!

Nikarudi mbio altareni. Nikaeleza kwamba ile ilikuwa adhabu tu, si ombi. Nikapendekeza badala yake parokia ndogo huko Norwe, yenye kondoo wengi na watu wachache. Na kama uaskofu wake umeshapitishwa, basi mimi niwe askofu mkuu, juu yake kidogo tu.