Bango Lipi Leo, Bosi Liao?

Jumatatu, 3 Juni

Meya Pan anaongoza! Asilimia mbili na ushee mbele ya Bi Yen. Bango lake, pana kama shuka ya harusi, limeshafunika mbele ya mgahawa wangu. Mpango hauna kasoro. Anayeshinda mchujo wa mgombea urais, wa chama chochote, lazima aje hapa kusini, mjini Chiayi, kula wali wa bata mzinga mbele ya kamera, na hula kwa muuzaji aliyemuunga mkono. Akishakula, wateja hawakauki. Kuo wa ng'ambo ya barabara alimlisha rais mmoja zamani, na picha ile ukutani bado inamlisha yeye, ingawa wali wake mkavu kama vumbi la mbao.

Mimi nina meza nane na nzi. Mke wangu, Pi-hsia, ameapa: hali ikiendelea hivi hadi mwaka mpya, tunafunga, tunahamia Taichung kwa kaka yake. Shemeji anayefundisha watu kupumua! Afadhali nife.

Jumatano, 5 Juni

Balaa! Kura mpya ya maoni: Bi Yen mbele kwa nusu asilimia. Eti Meya kasema mananasi ya kusini ni machachu. Kasema hayo kusini! Nani anamshauri mtu huyu?

Nimeshusha bango lake kabla hata ya chai, nikapandisha la Bi Yen. Kuo, asiye na bango lolote, akasimama mlangoni kwake na kikombe mkononi, akauliza mtaa mzima usikie: "Bosi Liao, kesho zamu ya nani? Nijue nivae rangi gani." Sikumjibu. Basi, nilimjibu kidogo, Pi-hsia akaniziba mdomo. Yeye yuko na Bi Yen tangu mwanzo, huenda hadi kwenye mikutano yake. Nikamuuliza kwa hesabu gani. Akasema anampenda tu. Anampenda! Wanawake!

Ijumaa, 7 Juni

Meya tena! Amekula mananasi kwenye televisheni huku machozi ya utamu yakimtiririka. Asilimia moja mbele. Bango lake juu. Mgongo wangu, Mungu wangu.

Jumatatu, 10 Juni

Mchujo wenyewe umeanza. Chama chetu hakina habari na masanduku: kinapiga simu za mezani jioni tatu mfululizo, kinauliza, anayetajwa zaidi ndiye mgombea. Kwa hiyo mwenye akili halali mbali na simu. Yangu ndiyo ya oda, nimempiga marufuku Pi-hsia kuigusa. Kila ikilia naidaka: "Meya Pan peke yake!"

Wa kwanza alikuwa Mwalimu Hsu akitaka wali wa shule nzima. Akakata. Wa pili, shemeji. Kasikia kwenye sauti yangu kwamba navuta pumzi za juujuu. Kufikia saa mbili usiku wali wa shule ulikuwa unatoka kwa Kuo, na dada wa chama, yule wa kuuliza watu kura zao, hajapiga.

Jumanne, 11 Juni

Nimepata siri kutoka kwa watu wa Meya. Kila kundi la umri lina idadi yake: wazee wanaokaa nyumbani wamejaa tele, chama kinatafuta vijana. Nina miaka hamsini na saba. Leo jioni nitakuwa na ishirini na minne. Nimefanyia sauti mazoezi ndani ya sufuria.

Simu ikalia. Dada wa chama, wa kweli! Nikasema ishirini na minne, tena kwa madaha. Akauliza kwa upole nimezaliwa mwaka wa mnyama gani, kati ya wale kumi na wawili wanaopokezana miaka. Swali hilo tunalijibu tangu tukiwa wadogo, mdomo hausubiri kichwa. Nikasema nguruwe.

Nikasikia anahesabu.

"Mjomba," akasema, "nguruwe ana ishirini na mmoja, au thelathini na mitatu, au arobaini na mitano, au umri wako. Kundi lako limejaa. Asante, upumzike."

Mjomba!

Alhamisi, 13 Juni

Asubuhi mchinjaji aliapa Meya kashinda, nikaliacha bango. Saa nne chama kikatangaza: Bi Yen! Kwa theluthi moja ya asilimia! Nikakimbilia ngazi. Nikiwa juu, kamba zimegoma, fataki zikalipuka kona ya mtaa. Bi Yen mwenyewe, na kamera zote, moja kwa moja kwangu! Alikuwa anakuja kula kwa Pi-hsia, aliyempikia wali mikutano yote bila kuniambia.

Nikavuta kwa nguvu. Kamba ikakatika, Meya Pan akamwangukia Bi Yen kichwani, na mimi juu ya Meya.

Alipotolewa chini ya bango alicheka, mama wa watu. Akamshika Pi-hsia mkono, akamwambia, "Dada, nitakuja siku mumeo hayupo." Kisha akavuka barabara. Kuo kapata picha ya pili.

Jumamosi, 15 Juni

Pi-hsia anafunga bakuli kwenye magazeti. Kaka yake kashafagia chumba.

Nimemsihi asiwe na haraka. Chama pinzani kinaanza mchujo wake keshokutwa, na jenerali mmoja mstaafu yuko mbele kwa asilimia nne. Nne nzima! Nne hazigeuki. Nimemwagiza fundi bango la jenerali, na safari hii nimemwambia alipigilie misumari.