Mwasisi wa Juu ya Paa

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeamua. Historia ya tawi letu la Chama cha Walimu Wastaafu haitasomwa bila jina langu. Haiwezekani!

Jumamosi ya wiki ijayo tawi linatimiza miaka ishirini. Mgeni anakuja kutoka makao makuu. Historia itasomwa kwenye kipaza sauti, na waasisi watakaa viti vya mbele, vile vyenye mito. Viti nilivyovitengeneza mimi, kwa mikono hii! Na mwenye mikono kapangiwa wapi? Benchi la nyuma, karibu na mlango wa choo.

Nikamfuata Katibu, ndiye anayeiandika hiyo historia. Mama huyu alifundisha jiografia, na mpaka leo huchomeka kalamu nyekundu kwenye nywele. Akanitazama kama ramani iliyochorwa vibaya. Akasema waasisi ni wale kumi na mmoja waliohudhuria mkutano wa kwanza, na mimi sikuwepo, tena nilikuwa hata sijastaafu. Nikamwambia nilikuwepo. Akauliza nilikaa wapi. Nikajibu mbele kabisa.

Si uongo mkubwa. Nilikuwepo kweli, ila juu ya paa. Wakati huo nilikuwa bado nafundisha kazi za mikono. Ilikuwa likizo, nikatumwa kuziba bati la darasa la saba, wazee nao wakaja kufanyia mkutano wao chini yangu. Nikalala kifudifudi penye tundu, nikasikia kila kitu. Tena nilishiriki! Mwenyekiti aliposema wanaotaka tawi lianzishwe wanyooshe mikono, nami nikapitisha wangu tunduni. Mimi si mtu wa kuachwa nyuma.

Lakini hilo la paa silitamki. Shule niliishia njiani, sawa, ila dunia nimeisoma mpaka jalada la nyuma. Mtu wa hadhi yangu haingii kwenye historia akiwa na misumari mdomoni.

Jumanne, 4 Juni

Siwezi kukaa. Nimezunguka nyumba asubuhi nzima nikikaza bawaba za milango. Hazikuwa zimelegea. Mama watoto akaninyang'anya bisibisi. Yeye ni mwalimu wa darasa la kwanza mwenye vyeti ukutani, na anazungumza nami kama niko dawati la mbele. Akasema nikae, nipumue, ninywe maji. Akasema kila mwaka nina langu. Nikamwambia safari hii ni historia, si mchezo. Akasema hata mwaka jana, nilipotaka tawi liwe na bendera yenye picha ya randa, nilisema ni historia.

Nikatoka. Nikaenda kwa Filimbi, aliyekuwa mwalimu wa michezo. Ni mmoja wa wale kumi na mmoja, na filimbi bado iko shingoni, hata akienda kunyolewa. Nikamwomba anishuhudie kwamba nilikaa mbele. Akasema yeye hashuhudii mtu, maana yeye mwenyewe ana doa. Akanisimulia upya, ingawa kila mwanachama anaijua hadithi. Siku ile ya mkutano watu walikuwa kumi na mmoja, na mikono iliyohesabiwa ikawa kumi na miwili. Katibu akasimama akasema ni Filimbi, amenyoosha yote miwili kwa mazoea ya uwanjani. Tangu siku hiyo hawasalimiani. Miaka ishirini! Chai wanakunywa chumba kimoja, sukari inapita kwa mtu wa tatu.

Mimi ni mkweli, sipendi kumficha rafiki. Nikamwambia kwa maoni yangu binafsi, hata mimi nadhani ni yeye. Angekuwa nani mwingine?

Alinipulizia filimbi mpaka getini.

Jumatano, 5 Juni

Nimepata! Nilikuwa nanyoa ndevu, nikapata, nikajikata.

Bwana Nukta! Mwalimu mkuu wetu wa zamani, mwenyekiti wa kwanza wa tawi, aliyeendesha mkutano ule na kuhesabu mikono. Wanafunzi walimpa jina hilo kwa sababu ya imla zake. Alisoma sentensi, akasema nukta, na muda si mrefu nukta zikamhamia kwenye maongezi. Hata harusini kwake alisema nakubali, nukta. Siku hizi kumbukumbu zake zinakuja na kukatika kama redio yenye betri chovu. Lakini neno lake halipingwi, na Jumamosi Katibu anakwenda na kamati kumsikiliza kwa ajili ya historia. Nina nafasi!

Nikaenda nyumbani kwake. Binti yake, anayemtunza, alinifungulia. Akasema baba siku hizi anakaa ameelekea ukuta tu, hataki kunyolewa, hata jina la mtu haulizi. Kweli nikamkuta ameelekea ukuta. Akageuka, akaniuliza kama nimenawa mikono.

Hapo akili yangu ikafanya kazi. Nikasema, Mwalimu, chukua kalamu, leo kuna imla.

Laiti mngemwona! Mgongo ukanyooka. Akadai ukurasa safi. Nikamsomea taratibu: mkutano wa kwanza ulivyokuwa, nani alikaa mbele, nani alitoa wazo la tawi. Yote mimi. Kwa kuwa najua watu wanavyoguswa, nikaongeza na maelekezo ya namna ya kusema. Akaandika yote kwa mwandiko unaotamanisha. Nikamwambia ayasome mpaka yamkae kichwani.

Akili nyingi kama zangu ni mzigo. Nimechoka.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekwenda tena. Alikuwa amekwisha kujisahihisha, kapata makosa mawili, na amejikasirikia. Binti yake akaninong'oneza kwamba asubuhi ameomba wembe. Nikasema vizuri, ila mimi nimekuja kwa mambo ya historia, sina wakati wa ndevu.

Nikamnyoa. Mkono wa binti ulikuwa unatetemeka, angemkata. Halafu nikaona kiti chake kinayumba, nikakipigilia. Halafu akataka tufanye imla nyingine, ya mito na milima, haina uhusiano wowote na mimi. Tukaifanya. Nimerudi nyumbani chakula kimepoa.

Ijumaa, 7 Juni

Nimejaribu koti. Nimejaribu kuinama kidogo, kama mtu anayepigiwa makofi na hakutegemea. Mama watoto akanikuta mbele ya kioo cha kabati. Akauliza ninamwinamia nani. Nikasema kiuno kinauma. Akanipaka dawa ya kuchua, inawasha kama pilipili, nami nikavumilia kwa ajili ya historia.

Nimeamka, nimelala, nimeamka. Kesho!

Jumamosi, 8 Juni

Andika, mkono wangu.

Kamati ilifika. Mama Mwenyekiti wa sasa katikati, Katibu huku, Filimbi kule, nami mlangoni kama mtu aliyepita njia. Bwana Nukta alikuwa kavaa shati jeupe, kanyolewa vizuri (na mimi). Katibu akamwomba aeleze anachokumbuka. Mzee akasimama, mikono nyuma, akaanza:

"Mkutano wa kwanza ulifanyika siku ya Jumamosi, nukta. Aliyekaa kiti cha mbele kabisa, koma, kuliani kwa mwenyekiti, koma, ni fundi wetu wa kazi za mikono, nukta. Hapo nyamaza kidogo."

Akanyamaza kidogo.

"Ndiye aliyetoa wazo la tawi, nukta. Hapo futa chozi. Chozi likikataa, piga chafya."

Akapiga chafya.

Mama Mwenyekiti akaficha uso kwenye mtandio, mabega yakicheza. Katibu akachomoa kalamu nyekundu kichwani polepole, kama mtu anayechomoa upanga. Filimbi hakuwa na pumzi hata ya kupuliza. Mzee akaendelea mpaka mwisho, na hapo mwonyeshe kwa kidole, na hapo tabasamu kwa huzuni. Hakuruka kitu.

Mimi nikaangalia dari. Mtu akiumbuka hivyo ataangalia wapi?

Na Bwana Nukta akafuata macho yangu. Akaangalia dari naye, akaniangalia mimi, akaangalia dari. Sura ikabadilika. Betri ikashika.

"Wewe," akasema. "Bati umelimaliza?"

Nikasema nililimaliza, Mwalimu. Akasema siku ile niliacha tundu, na yeye aliona.

"Nilihesabu mikono. Kumi na mmoja hapa chini. Na mmoja ulitokea juu, umeshika nyundo. Nikauhesabu. Mwanafunzi aliyenyoosha mkono hapuuzwi."

Katibu akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, kwa nini miaka yote hii hakusema. Mzee akasema hakuna aliyemuuliza yeye, waliulizana wenyewe kwa wenyewe. Kisha akakaa, akaniuliza kama nimenawa mikono.

Katibu alimgeukia Filimbi. Akairudisha kalamu kwenye nywele. Akasema, "Mwalimu mwenzangu, ile mikono miwili."

"Ulikuwa mmoja," akasema Filimbi.

Katibu akasema ameshajua. Akasema anaomba radhi, tena mbele ya watu, maana na tuhuma aliitoa mbele ya watu. Filimbi akatoa leso kufuta filimbi, halafu akafuta macho kwa leso ileile. Nikasogea niwapongeze wote wawili.

Hilo lilikuwa kosa. Walinigeukia kwa pamoja, kwa mara ya kwanza wakikubaliana jambo. Filimbi akauliza kama nimewahi kuwasikia wakigombania mkono ule. Nikasema mara nyingi tu. Katibu akauliza kama haikunijia hata siku moja kwamba mkono unaweza kuwa wangu. Nikasema mimi nilikuwa najihesabu peke yangu, huko juu. Filimbi akakumbuka kwamba hata Jumanne nilimpa maoni yangu binafsi.

Nikatafuta viatu vyangu. Sikuvaa, nilivibeba.

Jumapili, 9 Juni

Sitoki. Mama watoto ameshasikia. Kila akipita karibu yangu anapiga chafya.

Nimelala chali, nimelala kifudifudi. Nimewaza kuhamia kwa mdogo wangu, mpaka nikakumbuka naye ni mwalimu.

Mchana binti wa Bwana Nukta akaja. Nikamwambia mama watoto aseme sipo. Akasema nipo, niko chini ya shuka. Nikatoka, nikaanza kujitetea, kwamba nia yangu ilikuwa njema, kwamba historia ya dunia nzima imejaa mambo kama haya. Akanikatiza. Akasema baba yake amevaa toka asubuhi, amekaa mezani na kalamu, anauliza mwalimu wa imla amepatwa na nini.

"Baba mdogo, sijali unamwandikisha uongo gani," akasema. "Njoo tu."

Nikavaa koti, nikaenda. Tulifanya imla ya wanyama. Nilikosea twiga, nikasema anakula nyasi. Akanifokea vizuri sana. Binti alisimama jikoni akicheka na kulia.

Jumatano, 12 Juni

Nimemkuta Katibu huko kwa mzee, na Filimbi kambebea mkoba! Wamekuja kufanya imla nao. Wamekaa meza moja kama wanafunzi, na Bwana Nukta akawatenganisha kwa kuongea darasani.

Katibu akaniambia mambo mawili. Kwanza, bado ana hasira nami. Pili, kilichotokea kimetokea, na historia inaandikwa kama ilivyokuwa, kwa hiyo nitaingia. Moyo ukaruka! Nikamwuliza nitaingiaje. Akasema nikiwa juu ya paa, na nyundo. Nikamshauri kitaalamu kwamba tunaweza kusema sehemu ya juu ya ukumbi. Akasema paa. Nikasema basi jukwaa la juu. Akaandika paa, akapiga mstari chini yake kwa wino mwekundu.

Jumamosi, 15 Juni

Siku kuu! Ukumbi ulijaa. Katibu akasoma kwa kipaza sauti, na alipofika kwenye mkutano wa kwanza akasoma majina kumi na moja, kisha akavua miwani. Akasema na wa kumi na mbili aliunga mkono tawi hili kutoka juu ya paa, akiwa anahakikisha wenzake hawalowi. Akanitaja. Mimi!

Watu walisimama. Benchi la nyuma lilipiga makofi kuliko wote, maana ni watu wangu. Filimbi akapuliza moja ndefu. Mama watoto alikuwa anafuta macho, na hakuhitaji chafya. Mimi niliinama kama nilivyofanya mazoezi, ni kama ile dawa ya kuchua bado inawasha.

Nilikaa kiti cha mbele chenye mto, kando ya Bwana Nukta. Kinayumba. Nitamjua aliyekitengeneza! Mzee akanishika mkono muda wote wa hotuba. Nadhani alikuwa anakagua kucha.

Mgeni wa makao makuu akaja kunipongeza. Akasema hajawahi kusikia kisa kama hiki, na kwamba nao wako mbioni kuandika historia ya chama kizima, tangu mkutano wa kwanza kabisa, na wanatafuta waliokuwepo.

Wanatafuta waliokuwepo!

Jumapili, 16 Juni

Nimejifunza jambo moja kubwa: imla inafanya kazi.

Mkutano wa kwanza wa chama kizima ulifanyika mji mwingine kabisa, nami nilikuwa bado nafuga sungura shuleni. Lakini nani anajua? Mama watoto anajua, ila yuko kanisani.

Nikawahi kwa Bwana Nukta. Alikuwa tayari, shati safi, kalamu mkononi. Akauliza leo tunaanzia wapi. Nikasema andika, Mwalimu: aliyekaa kiti cha mbele kabisa, kuliani kwa rais wa chama. Akaandika. Nikamwonya kwamba safari hii yale maelekezo yangu ya pembeni asiyaandike kabisa.

Akayaandika na hayo, akaweka nukta.