Leo Nilikuwa na Mikono Mitatu

Yustina na Mwajuma wangu, huko Kasulu mlipo, kaeni chini kwanza. Leo nimeaibika mpaka mbuzi wa soko la Kibondo wamenionea huruma. Nawaandikia jua halijazama, niwahi kabla makonda wa basi hawajawafikishia habari, maana wale wataongeza chumvi. (Haihitajiki. Mtaona.)

Kosa ni la vile vitabu vyetu vya mapenzi. Vile vya wazungu wa kambi ya wakimbizi, tulivyoviokoa kwa mama muuza karanga kabla hajavichana vyote kufungia karanga. Mwajuma anakufa kwa rubani mwenye jicho la taa. Yustina hasikii wala haoni kwa yule daktari mwenye moyo wa mota. Mimi nawapenda wote, lakini siku yangu ikifika nizikeni na kile cha Kapteni mwenye mkono wa chuma. Kiingereza changu ni cha darasa la saba, mnajua, Yustina ndiye aliyetuhadithia huku tukipukuchua maharage ya mama yake. Lakini ule ukurasa ninao kichwani. Kapteni anaogopa kumkumbatia dada anayempenda, anadhani atamvunja mifupa. Dada hasemi mengi. Anauchukua ule mkono wa chuma, anauweka begani kwake mwenyewe, anafumba macho, anasema, "Ni wako, kwa hiyo siuogopi." Halafu kurasa zimekatika. Ziliondoka na karanga za mtu.

Sasa kuna Eliasi. (Mwajuma, acha kupiga kelele, sijamaliza.) Eliasi wa Murungu, aliyekuwa akiendesha mashine ya kusaga, mkanda ukamchukua mkono wa kushoto mwaka juzi. Hospitali wakamtengenezea mwingine. Tangu aupate hakuna aliyeuona. Anavaa koti jua kali, mkono mmoja wa koti umebanwa na pini, na ule wa bandia anauacha nyumbani chini ya kitanda. Watoto wa njiani wana midomo, na yeye si mtu wa kujibu.

Leo dada yake mdogo ameolewa. Baba yao hayupo tena, kwa hiyo wa kumshika bibi harusi mkono na kumtoa mlangoni ni Eliasi. Asubuhi, soko halijachangamka, akaja barazani kwa Mzee Rajabu ninapowekea charahani yangu. Ana kikapu kimefunikwa kanga.

"Sabina, shati umemaliza?"

"Bado kafu za mikono. Ulikataa kuja kupima."

Akatazama huku na huku, akanisogezea kikapu. "Pima kwa huu. Nataka zilingane, ya kulia na ya kushoto, mtu akitazama asijue. Zikilingana nitasimama na dada yangu. Zisipolingana atasimama mjomba, mimi nitachunga masufuria."

"Zitalingana."

"Na mtu asiuone, Sabina. Hata Mzee Rajabu."

Nikaapa. Tena kwa kugusa ulimi na kuonyesha mbinguni, kama tulivyokuwa tukifanya shuleni. Akacheka kidogo, akaenda kusaidia kufunga turubai.

Nikaingia nyuma ya pazia. Si mnalijua, lile shuka ninalotundika magauni ya wateja, wa kupima wajifiche. Nikaufunua mkono. Jamani, ni mzuri. Umepakwa rangi ya kahawia, ingawa si kahawia ya mtu wa huku, ni kama ya chai ya maziwa. Juu una mikanda ya kuvaa begani, na kuna kamba nyembamba ya chuma. Ukiivuta vidole vinafunguka. Ukiiachia vinafunga, kap. Nikavuta. Kap. Nikavuta tena. (Ningekuwa na akili ningeishia hapo.)

Nilifanya kazi kwanza, nisemewe ukweli. Nikauvika ule mkono upande wa kushoto wa shati, nikaweka kafu, nikapima, nikashona. Zikalingana, pacha kabisa. Nikapiga pasi ya mkaa. Likawa shati jeupe lililojaa mkono mmoja, limelala mezani linanitazama.

Na mimi nikalitazama.

Mnajua nilichofanya. Nyinyi ndio mlionilea hivyo. Niliuinua ule mkono na shati lake, nikaivuta kamba vidole vikafunguka, nikauzungusha shingoni kwangu mpaka kiganja kikakaa begani. Nikafumba macho. Nikasema, tena kwa sauti ile ya Yustina ya kuhadithia, "Ni wako, kwa hiyo siuogopi."

Nikaachia kamba.

Kap.

Vidole vilikuwa vimekamata nywele. Si nywele mbili tatu. Zile twende kilioni nilizosukwa jana kwa ajili ya harusi hii hii, mikia yote ya upande wa kushoto, imebanwa kama kuku mdomoni mwa kicheche. Nikatafuta kamba. Kamba ilikuwa imeingia ndani ya shati, na shati nimelibana mimi mwenyewe kwa ufundi wangu wote. Nikivuta mkono, kichwa kinafuata. Nikageuka, mkono unageuka na mimi. Nikajigonga kwenye meza, pazia likasogea kidogo.

Kidogo hicho kilitosha. Barazani alikuwa amesimama mama mmoja mtu mzima, kanga mpya, miguu ina vumbi la safari. Baadaye nilimjua: Shangazi Domitila, dada wa marehemu baba yake Eliasi, amefika leo leo kutoka Kasanda. Hajamwona Eliasi tangu aumie. Ametumwa na wa nyumbani kuchukua kikapu, hajaambiwa kikapu cha nini.

Yeye aliona nini? Aliona msichana macho yamemtoka, na mkono wa mwanamume, shati jeupe lililopigwa pasi, umemkumbatia shingoni kutoka nyuma ya pazia.

Mtu mwingine angeguna akaondoka. Shangazi ni Muha wa Kasanda. Huwezi kuwakuta watu ukaanza na maneno mengine kabla ya salamu. Akatua mzigo wake, akainama, akaanza kupiga makofi yale ya polepole ya kusalimia.

"Mwakeye, mwana wanje."

Nami nimelelewa. Nikainama, nikapiga makofi. Mkono ukainama na mimi, ukanipigapiga kifuani.

"Mwakeye, shangazi."

"Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo."

"Mama mzima? Watoto? Ng'ombe? Mashamba?"

Mnajua salamu zetu, hazikatwi katikati. Tukaenda nazo mpaka migomba. Mimi napiga makofi kwa mikono miwili na wa tatu umetulia begani kama mgeni wa heshima. Nikadhani zikiisha ataomba kikapu aende zake. Lakini Shangazi akajigeuza kidogo, akalielekea pazia, akainama upya.

"Na wewe baba, mwakeye."

Kimya.

"Mwakeye, baba."

Kimya. Akanitazama. "Huyu hasikii?"

"Anasikia, shangazi." (Sijui kwa nini nilisema hivyo.)

"Basi kwa nini hajibu? Nimemwinamia mara ngapi? Mtoto wa nani huyu, anakumbatia hadharani lakini kusalimia hawezi?"

Hapo akina mama wawili wenye ndoo za pombe ya ndizi waliokuwa wakielekea harusini wakasimama. Wakaja wauza nyanya. Na sauti ikamtoa Mzee Rajabu dukani, kofia mkononi, miwani kwenye paji la uso.

"Sabina. Barazani kwangu kuna mwanamume?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimeuliza."

Wenzangu, hapo ndipo palikuwa pagumu. Nikisema ni mkono wa bandia, nimemuuza Eliasi mbele ya soko zima, siku aliyoniamini. Nikinyamaza, mimi ndiye binti anayeficha wanaume nyuma ya shuka, na charahani yangu kesho inalala nje. Nikamwona akilini Eliasi akichunga masufuria. Nikanyamaza.

"Nakupa nafasi binti yangu," Mzee Rajabu akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali, ndiyo iliyoniuma. "Mwambie atoke kwa adabu, yaishe."

"Hawezi kutoka, mzee."

"Amevaa nini?"

"Shati tu."

Mmoja wa akina mama akaitua ndoo chini, asije akaimwaga.

Shangazi uvumilivu ukamwishia. Akapanda barazani, akalishika pazia, akalivuta lote na magauni yake. Nyuma yake meza. Pasi. Ukuta. Akaufuata ule mkono kwa macho, kutoka kiganjani, kwenye kiwiko, juu kidogo, mpaka pale unapoishia. Akalitazama pengo. Akanitazama mimi.

"Umemfanya nini mwenzio?"

Mama wa nyanya alikimbia, nyanya zikabaki. Wengine wakacheka kile kicheko cha kukaa chini. Mzee Rajabu akashusha miwani machoni, akainama, akaugonga mkono kwa kidole. Ko, ko. "Huu si wa mtu," akatangaza. Ndipo Shangazi akaviona vile vikanda, akakumbuka aliyoyasikia juu ya mtoto wa kaka yake, akashika mdomo. "Ni wa Eliasi wetu," akasema taratibu. Nikalia. Mkono ukanibembeleza, maana nikitikisika na wenyewe unatikisika.

"Usilie, mwanangu. Tupasue hili shati tukutoe, muda unakwenda."

"Shati hapana."

"Sasa?"

Mkasi ulikuwa mezani. Nikauchukua, nikakata mikia ya nywele. Yote ya kushoto. Shati likatoka zima, kafu zake pacha. Mkono ukabaki umeshika nywele zangu kama shada la maua.

Hapo hapo Eliasi akatokea, amechoka kumsubiri shangazi. Akaona watu, shati, mkono, nywele, mimi. Watu wakampisha njia.

"Niliapa," nikamwambia. "Sikusema. Wameuona tu."

Akauchukua mkono. Akabonyeza kidole gumba kidogo, hivi tu, kwa kucha. Vidole vikafunguka, nywele zikaanguka.

"Unabonyeza hapa," akasema.

Nilitamani sakafu ya Mzee Rajabu inimeze na charahani yangu.

Eliasi akautazama umati, na umati ukamtazama. Nikaona anaanza kulivuta koti lake alifunge, kama kawaida yake. Kisha yule mama mwenye ndoo akasema, "Mwanangu, mkono wako huo unashika kweli. Njoo unibebee pombe." Wakacheka, Eliasi akiwa wa kwanza. Akavua koti pale pale barazani. Shangazi akamsaidia mikanda, mimi nikamfunga vifungo, wa nyanya akarudi kuangalia. Wote wakakagua kafu. Mzee Rajabu akapima kwa macho, akasema zimelingana, na kwamba pazia nitalitundika mwenyewe.

Shangazi akainama, akapiga makofi. "Mwakeye, baba." Safari hii akajibiwa.

Amesimama na dada yake. Alimshika kwa mkono wa kushoto, huo huo, na bibi harusi hakuuachia mpaka kwenye gari. Mimi nilikuwa nyuma nimefunga kitenge kichwani mpaka kwenye nyusi.

Wakati wa kugawa pilau akaja kukaa karibu. "Shangazi anasema ulikuwa unauambia kitu mkono wangu, alikusikia kabla ya kukuona. Ni nini?"

Ikabidi nimsimulie Kapteni. Kila kitu, mpaka pale kwenye karanga.

"Kwa hiyo haijulikani iliishaje?"

"Kurasa hazipo."

Akala pilau yake, akafikiri. "Niazimie hicho kitabu," akasema. "Nikisome kwa utaratibu. Labda tutajua."

Kwa hiyo, Yustina, kitume na basi la kesho, na hapo ndani utie na kitambaa cha kichwa kikubwa. Kama mna la kucheka, malizieni huko huko Kasulu. Mimi huku bado upande mmoja unapigwa upepo.