Vita vya Karani na Pengo la Tano

Sogeeni, enyi mliowahi kuhesabu vidole vyenu bila kupigiwa tarumbeta, msikie habari za Karani Mkuu wa hospitali ya macho, simba wa kibodi, ngao ya masjala, na vita alivyopigana na mstari mmoja.

Asubuhi moja bibi mzee mshonaji, macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho, alifika dirishani akipapasa ukuta. Jina lake lilikuwa limefutwa kwenye orodha ya upasuaji. Karani akamjibu, kwa sauti ya jemadari asiyepata kushindwa, kwamba kanzidata ya kompyuta haikosei: kila mgonjwa ana mstari wenye safu kumi na mbili, na mstari wenye mapengo, yaani safu tupu, zaidi ya manne hutupwa nje. Wake ulikuwa na matano.

“Yahesabu, mwanangu,” akasema bibi. “Wewe unaona.”

Masjala nzima ikaweka chini vikombe vya chai, maana kazi hiyo iliachiwa mashine tangu mwaka jana. Shujaa akavua koti, akanyoosha kidole kama mkuki, akashuka uwanjani. Simu, tupu. Barua pepe, tupu. Kundi la damu, tupu. Tarehe ya kuzaliwa, tupu. Jasho likamtoka. Safu ya mwisho, idadi ya watoto, ilikuwa na sifuri. Na mashine, kwa amri aliyoiandika Karani mwenyewe, ilihesabu sifuri kuwa pengo.

Hapo akahutubu kwa kirefu kwamba sifuri si kitu, na kisicho kitu ni pengo. Bibi akamngoja amalize.

“Pengo ni la asiyejibu,” akasema. “Mimi niliulizwa nina watoto wangapi. Nimezika wawili, nikasema sina. Nililitoa jibu hilo hapahapa, na halikuwa jepesi.”

Karani akainamisha uso. Akarekebisha amri ile, neno moja tu, akaiendesha upya. Bibi akarudi orodhani, na pamoja naye wagonjwa thelathini na mmoja waliotupwa kwa ujinga uleule.

Ijumaa mkurugenzi akawakusanya wafanyakazi wote, akatangaza kwamba ushindi wa Karani uandikwe katika historia ya hospitali. Makofi yakavuma hadi wodini, alikolala bibi, jicho moja limefungwa bandeji. Akamuuliza muuguzi kama kuna harusi.

Muuguzi akamwambia hapana, kuna mtu amejua sifuri ni nini.

“Si haba,” akasema bibi, akageukia ukutani kulala.