Mafuta ya Msindano Kabla ya Jumapili

Jumatatu, 5 Agosti
Nimepata! Simu imenionyesha watu wa nje wanatafuna mbegu za msindano, yaani msonobari, na mafuta yake wanayaweka kwenye vichupa kama manukato. Sisi hapa Vudee tumezungukwa na misindano, tunapasua mbao tu! Mzee Tumainieli amesema Jumapili atapokea posa ya binti yake Blandina, ila kwa mwanaume mwenye kazi inayoonekana. Asheri, anayemtaka pia, ana mizinga ya nyuki. Mimi nina akili.

Jumanne, 6 Agosti
Nimeazima mashine ya mkono ya shangazi Ernesta, ya kukamulia alizeti. Nimemwambia naipeleka kutiwa grisi. Kutwa nzima msituni, mbegu nusu kikombe. Ndogo kama ufuta! Zile za kwenye simu zilikuwa kama karanga. Labda walizipiga picha kwa karibu. Vidole vyote utomvu. Nilimpa Mzee Tumainieli mkono na shikamoo. Akaitikia marahaba mara mbili, bado anasubiri kurudishiwa mkono wake.

Jumatano, 7 Agosti
Sikai, silali. Nahitaji watu. Msaragambo! Watu wetu ukiwaomba kibiriti wana udhuru, ila ikitangazwa kazi ya kijiji hutoka wote, maana asiyefika hukamatiwa kitu chake. Mwenyekiti yuko Same mkutanoni. Nimemwambia mpiga mbiu kuwa mwenyekiti ameagiza: kesho wote msituni, kuokota matunda ya misindano.

Alhamisi, 8 Agosti
Wamefika wote! Hata Asheri. Mimi nilibaki nyumbani kusugua mashine. Bosi habebi gunia. Saa nane wakaja na orodha. Jina moja halikuitikiwa. Langu! Nikawaeleza kuwa kazi yenyewe ni yangu. Ningenyamaza tu. Wamekamata mashine ya shangazi, Asheri kaibeba kichwani anapiga mluzi. Matunda wamegawana ya kuwashia moto.

Ijumaa, 9 Agosti
Shangazi hanisemeshi. Mwenyekiti karudi, kanigombeza mbele ya watu. Jioni akaja Blandina. Amesema niachane na mafuta, nije Jumapili baada ya ibada na mjomba wangu, baba yake atanisikiliza. Yeye asali ya Asheri haitaki. Nampenda kuliko ninavyoweza kuandika. Ila niende mikono mitupu? Thubutu!

Jumapili, 11 Agosti
Nilitwanga nusu kikombe changu tangu asubuhi, nikakamua kwa kitambaa. Mjomba alingoja, akachoka, akaenda zake. Saa kumi nikapata kijiko kimoja. Nikakitia kwenye kichupa cha dawa ya macho, nikakimbia nacho kwa Mzee Tumainieli. Washenga wa Asheri walikuwa wanatoka, wameshakula. Blandina alinitazama mara moja, akaingia ndani. Imeniuma mpaka sasa.
Mzee Tumainieli alipokea kichupa, akanusa, akamimina kwenye bawaba za geti lake linalolia kila likiguswa. Akanitakia jioni njema, akalifunga.
Nikasimama pale machozi yananitoka. Kisha nikalisukuma kidogo. Kimya! Nikalisukuma tena. Kimya kabisa! Same mjini kuna mageti mangapi yanayopiga kelele? Nimeshaazima gunia. Alfajiri niko msituni.