Maneno Aliyoniachia Baba

Jumatatu, 4 Machi

Mama ameitisha kikao cha familia Jumamosi. Ajenda moja: meza ya marehemu baba. Meza ya fundi saa, pamoja na kibanda chake pale kona. Ni mimi au dada.

Dada amekaa kwenye meza ile na baba tangu alipomaliza shule. Sawa. Anaifungua saa iliyokufa na kuirudisha ikitembea. Sawa pia. Lakini siku hizi nani anapeleka saa kwa fundi? Mimi nitauza makava ya simu na chaja. Biashara yangu ya viatu ilikufa, ya mayai ikaifuata, ila hii ni ya uhakika.

Tena nina silaha. Maneno ya mwisho baba aliniambia mimi, kule wodini. Alinishika mkono kwa nguvu mpaka mkanda wa saa ukanibana, akasema meza ile nisiiache. Kisha akaomba nimgeuze aangalie dirishani, nikamgeuza. Sijawahi kumwambia mtu. Sasa wakati umefika.

Jumatano, 6 Machi

Kwa shangazi, dada yake baba. Neno lake lina uzito kwa mama. Nimemsimulia yote: mkono, mkanda, dirisha. Akalia. Na mimi nikalia. Tukanywa chai. Akasema baba alinipenda sana, basi tu hakuwa mtu wa kuonyesha. Nilirudi nyumbani mwepesi.

Mke wangu akataka kujua nimetoka wapi. Nikamwambia ni mambo ya familia. Akauliza kama yeye ni mpangaji. Nimemkataza asije kwenye kikao, maana yule akianza kuuliza hamalizi.

Ijumaa, 8 Machi

Makubwa! Shangazi amempigia mama simu. Anasema baba alimwambia yeye, kwa mdomo wake mwenyewe, kwamba meza ni yangu.

Kwanza nikafurahi. Mashahidi wawili. Halafu nikashikwa na hasira, maana shangazi hakukanyaga hospitali wiki ile, miguu ilikuwa inamsumbua. Habari ameitoa kwangu, juzi tu, tukinywa chai. Sauti yangu ameshaisahau, maneno yamembakia, na sasa anayasikia kwa sauti ya kaka yake. Wala hadanganyi, maskini. Anaamini kabisa. Uzee kazi kweli. Mtu anabeba jambo kichwani, hajui tena alilitoa wapi. Nimemhurumia sana. Kumsahihisha, hapana.

Jumamosi, 9 Machi

Kikao. Sebuleni kwa mama, kiti cha baba kimeachwa wazi. Nilichelewa. Mke wangu nikamkuta ameshafika, amekaa karibu na mlango.

Nilisimama nikasema, na nilisema vizuri. Nilipofika kwenye mkanda wa saa, dada aliinamisha kichwa, machozi yakamdondokea mapajani. Nikajua nimeshinda.

Mama ndiye aliyeuliza. Kwa upole kabisa. Aliuliza tangu lini mimi navaa saa.

Sivai saa. Baba alinipa saa nzuri nikiwa kijana, nikaipoteza, akanipa nyingine, nikaipoteza nayo, mwisho akachoka. Ndio uliokuwa utani wake kwa wateja, kwamba mtoto wa fundi saa anauliza saa barabarani. Nikautazama mkono wangu. Mtupu. Kisha sote tukautazama mkono wa dada, wenye saa.

Dada alisema maneno yangu ni ya kweli yote, sikuongeza hata moja, ila mkono ulioshikwa ulikuwa wake. Ndivyo yeye alivyonisimulia siku ya mazishi, tumekaa kwenye kizingiti cha jikoni, mimi nimejiinamia. Hakumsimulia mwingine, asije akaonekana anadai meza. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. Mke wangu akamalizia: simu ya hospitali ilipoingia nilikuwa juu ya ngazi napaka geti rangi, yeye ameishikilia ngazi. Tulifika wodini baba ameshafunikwa shuka.

Shangazi akasisitiza kwamba yeye aliambiwa na baba mwenyewe. Mama akammiminia chai.

Jumapili, 10 Machi

Sijatoka chumbani. Meza ni ya dada, na iwe yake. Hilo haliniumi sana.

Kinachoniuma ni ule mkono. Nausikia mpaka sasa, joto lake, vidole vilivyokonda. Nimejaribu kuuondoa, hauondoki. Asubuhi ile nilisema nitakwenda hospitali nikishamaliza geti. Nani alikuwa analitaka geti lile? Nikiitoa wodi kichwani, ninachobaki nacho ni geti na kopo la rangi ya bluu. Nina huzuni ambayo sijui nimpelekee nani.

Jumatatu, 11 Machi

Nimekwenda kibandani. Dada alikuwa na lenzi jichoni, kibano mkononi, anatafuta skrubu isiyoonekana. Nikamwomba anisimulie tena.

Akaweka kibano chini, akasimulia. Safari hii akatoa na lile alilonificha siku ya mazishi ili asiniumize. Baba alikuwa akiuliza kama nimefika. Kila baada ya muda anauliza tena. Dada akawa anamjibu kwamba niko njiani.

Nililia mbele ya mteja. Mteja akasema atarudi siku nyingine. Nikamwahidi dada kwamba kuanzia leo nitasema tu niliyoyaona kwa macho yangu. Akanipa kile kitambaa cha kufutia vioo vya saa, nikajifuta uso.

Alhamisi, 14 Machi

Imenijia asubuhi nikinyoa ndevu. Nilisahauje jambo kama hili?

Dada hana kosa, hawezi kulijua. Alikuwa ametoka kumwita muuguzi. Mimi nimetokea mlangoni nahema, rangi ya bluu bado iko vidoleni, na saa mkononi sina, nimeangalia vizuri. Baba akageuza uso. Akauliza, umefika? Nikamshika mkono. Nikamwambia, nimefika, baba. Akatabasamu, akafumba macho, akapumzika.

Naona kila kitu, mpaka mikunjo ya shuka. Kesho mapema naenda kwa shangazi nimsimulie, kabla sijasahau.