Hati ya Kusubiri

Jailos aliwasili Iringa akitokea Mbeya, mji ambao haukuwa umemfukuza, bali ulikuwa umemfahamu vya kutosha. Asubuhi ya kwanza alikunywa chai katika kibanda kinachotazamana na ofisi ya vibali, akawaona watu sita kwenye benchi, kila mmoja na faili mapajani. Wote walikuwa wageni walioomba kibali cha kufanya kazi, na wote walikuwa wameambiwa wasubiri. Jailos akaguswa moyo. Kusubiri kwingi namna ile, na hakuna aliyefikiria kufanya biashara hapo!

Siku mbili baadaye bidhaa ilikuwa tayari: Hati ya Kusubiri, karatasi ya kijani yenye picha ya twiga, inayomruhusu mwombaji kufanya kazi wakati ombi lake likishughulikiwa. Sheria haikuijua hati hiyo, na Jailos hakuona sababu ya kuisumbua sheria.

Mteja wa kwanza alikuwa Bi Mwanaidi, mwenye karakana ya ushonaji, aliyekuwa amepata zabuni ya majoho arobaini ya kwaya ya Kilutheri. Alikuja na fundi wake mpya, Alinanuswe, mwanamke mtulivu kutoka Karonga, ng'ambo ya mpaka wa Malawi, ambaye alikataa katakata kugusa cherehani hadi kibali chake kitoke.

"Nikikutwa nashona, ombi linatupwa na mimi narudishwa kwetu," alisema Alinanuswe. "Hati yako itanikinga na nini, kaka?"

"Na kila kitu, dada. Ina mdhamini."

"Mdhamini ni nani?"

"Mimi mwenyewe!" Jailos akajipiga kifua, akaandika kwa mbwembwe: "Mdhamini atabeba wajibu wote wa kazi ya mwombaji mpaka kibali kitoke."

Alinanuswe aliisoma mara tatu. "Basi twende ukasaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Udhamini bila mhuri ni salamu tu."

Mtu mwenye busara angekumbuka ghafla kuwa ana mgonjwa hospitalini. Jailos, hata hivyo, aliwaza kwamba hati moja yenye mhuri wa kweli ingemuuzia nyingine mia. Wakaenda. Mwenyekiti, Mzee Sosthenes, alisoma kila neno, akamtaka Jailos aweke sahihi na dole gumba, akagonga mhuri, na nakala moja akaifungia kabatini.

Kesho yake Jailos alifika karakanani kuchukua ada yake. Akakuta kiti kitupu mbele ya cherehani.

"Karibu kazini," alisema Alinanuswe, aliyeketi mlangoni akitafuna karanga.

"Kazi gani?"

"Yangu. Si umeibeba?"

Jailos akacheka sana. Bi Mwanaidi hakucheka. Alimpigia simu mwenyekiti, naye akaja na nakala yake.

"Kijana, nina swali moja tu. Hati hii ni ya kweli? Kama si ya kweli, kituo cha polisi hakiko mbali."

Jailos aliitazama nakala, akautazama mlango. "Ni ya kweli kabisa, Mwenyekiti."

"Basi shona."

Akashona. Joho la kwanza lilikuwa na mikono mitatu. Kwa wiki tano Alinanuswe hakugusa hata sindano.

"Nielekeze basi, dada!"

"Kuelekeza ni kazi, na mimi sina kibali. Ninawaza tu kwa sauti: mwenye macho angefumua hapo."

Ada yote aliyolipwa Jailos iliishia kwa mama lishe, katika wali maharage wa mchana. Joho la arobaini lilikamilika Jumatano. Alhamisi kibali kikatoka. Alinanuswe alikitundika ukutani, akaketi kwenye cherehani, akaanza kufumua majoho thelathini na tisa.

"Ndaga, kaka, asante sana," alimuaga. "Kibali hiki ni cha miaka miwili. Nikiomba kingine tutakuita. Hati yako ipo kabatini."

Jailos alipanda basi la kwanza kurudi Mbeya. Hata kabla hajapumzika vizuri, bwana mmoja mwenye mabega mapana alimfuata na faili kwapani.

"Nasikia wewe ndiye unayeuza hati za kusubiri. Nataka moja, tena yenye mdhamini."

Jailos alivitazama vidole vyake vilivyotobolewa na sindano. "Kwanza, ndugu yangu, unafanya kazi gani?"

"Nachimba visima."

"Kwa mashine?"

"Kwa sururu, mpaka maji yaonekane."

Walioshuhudia wanasema Jailos alikimbia kuelekea Chimala, na mkoba aliuacha.